Masikio ya Sungura kwenye Kundi la Familia

Mama mkwe,

Akinyi aliniambia jana jioni, kabla hata hajatua begi, kwamba umemrudishia ile simu niliyokununulia. Alisema umeifunga kwenye leso pamoja na chaja na ile paneli ndogo ya sola, na sasa unatumia tena kasimu kako ka vitufe. Nilimwuliza mara mbili kama hayo ni maneno yako au ni maelezo yake. Akasema ni yako: "Mpelekee mwenyewe. Nimemwonyesha mkwe vitu ambavyo mkwe haonyeshwi."

"Mama, ni masikio ya sungura tu," alikujibu binti yako.

"Na mabega je?"

Hapo Akinyi akachukua leso akaondoka.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha tuliyo nayo sote wawili. Kidholuo changu ni cha salamu, na Kikuria changu huko kisiwani Mfangano hakina kazi. Barua sikuifunga. Akinyi ataisoma kwa sauti, baba mkwe akiwa ameketi hapo, pasiwe na neno kati yangu na wewe ambalo nyumba haikulisikia.

Katika miaka tisa ya ndoa yangu na Akinyi tumezungumza moja kwa moja mara nne, na tatu kati ya hizo zilikuwa salamu. Iliyobaki ilikuwa siku ya mahari. Ulisimama nyuma ya pazia ukauliza kama ng'ombe wa kwetu watakubali kunywa maji ya ziwa. Nikasema hawajawahi kuliona. Ukacheka, kisha ukajizuia.

Mengine yote niliyojua juu yako yalikuja kwa simu hiyo. Wiki mbili za kwanza ulitutumia kwenye kundi la familia picha za kidole chako. Kisha akaja yule jogoo aliyepigana na sura yake kwenye kioo cha pikipiki, halafu mbuzi aliyeingia kanisani wakati wa sadaka, mzee wa kanisa akimfukuza kwa kikapu. Hukuandika neno lolote. Video tu, alfajiri, kabla sijavaa viatu. Kazi yangu ya habari huanza na ajali na kesi za mashamba, nami nikazoea kufungua zako kwanza. Nilitambua kwamba unapenda watu wanaoteleza bila kuumia. Mtu akitaka kuchekesha kwa kumtisha mtoto, ulituma kile kisura kilichokunja uso, basi.

Mimi nilileta kundini video za vyombo vipya: taa inayojiwasha mtu akipita, na mashine ya kuparua magamba ya samaki. Hiyo mashine ndiyo iliyokutoa sauti, mara ile moja tu, na hata hapo ulizungumza na wanao: "Mwambieni mkwe, samaki wakiparuliwa na mashine, wanawake watapigia soga wapi?"

Alhamisi nilikuwa kwenye machimbo ya Masara. Wachimbaji walikuwa wamenunua kifaa cha kutafuta dhahabu, kile kinacholia kikikaribia madini. Kilikuwa kimelia mara sita, na mara zote sita wamechimbua vifuniko vya soda. Simu ikatetemeka. Niliifungua nikitarajia kuku.

Sekunde kumi na moja. Masikio ya sungura yaliyowekwa na simu, pua ya waridi, kichwa chako bila kitambaa, mabega yako yakienda, na mtoto wa shemeji Onyango akikwambia wewe bibi yake, "Dana, tena!" Mchimbaji mmoja aliinama begani kwangu.

"Huyo ni nani anayechezesha mabega hivyo?"

"Mtu wa nyumbani."

"Basi kwenu kuna raha, ndugu yangu."

Sitakudanganya: niliitazama mara mbili. Ya kwanza nilicheka mpaka nikashindwa kumsikia mtoto.

Ukaifuta, lakini ulibonyeza pale pa kufuta kwako peke yako. Kwako ikatoweka, kwetu ikabaki. Ukakaa ukiamini yamekwisha, mpaka shemeji Onyango, mwanao mwenyewe, alipoandika: "Mama, hayo mabega ni ya mwaka gani?" Dakika hiyo hiyo kundi likaonyesha kwamba umeondoka.

Tangu siku hiyo mjukuu wako Achieng, binti yetu, hana wa kumsomea. Unajua kila saa moja jioni alikupigia kwa video, akakusomea ukurasa mmoja wa kitabu cha shule. Ijumaa aling'oka jino la mbele. Amefunga mdomo, hata kwa mwalimu, akisema wa kwanza kuona pengo ni Dana. Kasimu ka vitufe hakaonyeshi pengo.

Kwenu na kwetu, mkwe akikutana na mama mkwe njiani, mmoja hupisha, na mdogo ndiye anayeingia majanini. Leo asubuhi nilimpigia baba mkwe nikamwuliza: kundi la familia ni nyumba au ni njia? Akasema, "Watu wanapita tu humo na mizigo yao. Hiyo ni njia."

Basi nimepisha. Nimetoka kwenye kundi leo, saa moja kasoro dakika kumi. Video nimeifuta kwangu, na Akinyi amefuta kwake mbele yangu. Onyango anasema naye amefuta, sijathibitisha. Kuanzia sasa utatuma utakacho, na mabega yakitaka kucheza yacheze. Mimi nitasikia Akinyi akicheka jikoni, nitamwuliza ni nini, naye ataniambia kile kinachofaa mkwe kuambiwa. Jogoo nitawakosa. Hilo si kubwa.

Simu itaondoka Jumamosi kwa boti ya saa nne kutoka Mbita, mkononi mwa Akinyi, ikiwa na chaji na bando la mwezi. Atakurudisha kwenye kundi akishafika. Achieng atapiga saa moja jioni kama kawaida, na mimi nitakuwa nje ya nyumba mpaka amalize kusoma.

Mkweo wa Migori,
Baba Achieng