Udongo Uliofungwa Ndani ya Ndengu

Lavington, Nairobi

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu kwa mikono miwili. Natumaini goti limepunguza kukusumbua, na kwamba mvua imefika huko Kitui, maana hapa imenyesha mpaka nguo za watu zinakataa kukauka. Mimi niko. Nakula, nalala, napiga pasi. Ukitaka nikwambie moyo uko vipi, sina la kusema, kwa sababu siusikii.

Furushi lako lilifika. Mume wangu Wambua alilipokea kwa watu wa basi, akaniletea Jumapili alipotoka dukani kwao River Road. Ndengu ni safi, hata sikuzipeta. Katikati yake nikaukuta ule udongo wa kichuguu, umeufunga kwa kitambaa vile ulivyonifungia nilipobeba mimba ya Mwende, na tena nilipombeba huyu ambaye hakukaa. Sikukasirika. Ulidhani bado nautamani, na ni kweli nautamani, ndiyo maana nakuandikia.

Kwetu hakuna mwanamke aliyebeba mimba bila kuonja udongo. Wewe ulikula, nyanya alikula, na mtoto akishazaliwa hamu inajiendea yenyewe. Mimi mtoto alitoka kimya, hamu ikabaki. Nikawa nanunua yale mawe laini ya kula pale Kenyatta Market, kando ya saluni, nayatafuna nikifua, nikitandika vitanda, hata nikimpikia Mama Ryan, mwajiri wangu. Sikuwa nasikia utamu wowote. Nilisikia tu kitu kikivunjika mdomoni, na hicho kilinitosha.

Kisha nikaanza kuona kizunguzungu nikiinama. Kwenye kliniki walinipima damu wakaikuta imepungua sana. Daktari alikuwa msichana tu, akaniambia, "Mum, hiyo mawe wachana nayo kabisa. Ukitaka mtoto mwingine, lazima damu ipande kwanza." Sikujua kama nataka. Mwende alichukua jina la mama mkwe kama desturi, kwa hivyo huyu angekuwa Kalekye, angekuwa wewe. Niliona nikiacha kutafuna, ni kama nakubali kwamba mimba ile imekwisha.

Nilijaribu hata hivyo. Siku za mwanzo zilikuwa rahisi, nikajiona shujaa. Nikipita sokoni, yule mama wa mawe ananiita, "Sasa mrembo, zile zako nimekuwekea."

"Nimeacha," nikamwambia.

"Sawa. Wote huacha. Tutaonana kesho."

Na kweli alinipata, si kesho ila wiki iliyofuata. Nikaacha tena, nikarudi tena. Mazoea yana taabu. Nilianza kutafuna karoti mbichi badala yake, mpaka Mzee Musyoka, anayetunza bustani hapa, akaniuliza kama nimeolewa na sungura. Karoti zilinisaidia kwa muda mrefu, mwaitu, hata kile kizunguzungu kikapungua. Hapo ndipo furushi lako likaingia.

Ule udongo sikuula. Sikuutupa pia, kwa sababu ni mikono yako iliyouchimba. Niliuweka barazani nyuma ya ndoo nikifikiria la kufanya. Mzee Musyoka akauona, na kwa vile yeye ni mtu wa Machakos na anajua udongo wa kichuguu ni mzuri kwa mimea, akaumimina wote kwenye chungu cha maua cha Mama Ryan na kuumwagilia maji. Alinionyesha kwa furaha. "Umeletewa mbolea ya nyumbani, na ulikuwa unaificha," akasema.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa nikifagia baraza. Udongo ulikuwa umelowa, na unajua vile unavyonukia ukilowa. Sikumbuki kuinama. Nakumbuka tu Mama Ryan amesimama mlangoni na kikombe chake cha kahawa.

"Mutheu, unado nini?"

"Napalilia maua."

"Na mdomo?"

Nilikuwa na tope mpaka kidevuni. Hakucheka, wala hakunigombeza. Alinipa taulo la jikoni, akakaa kwenye ngazi, akaniuliza, "Na Mwende siku hizi ako wapi? Ulikuwa unamtaja kila saa."

Nilitaka kumwambia yuko huko kwako, jambo ambalo analijua. Nikashindwa. Simu ya mwisho niliyoongea na Mwende, aliniuliza kama mtoto wetu ameanza kutambaa, nikakata. Tangu siku ile nasema mtandao ni mbaya. Nililia pale, mwaitu, kidogo tu, kama mtu anayekohoa, kisha nikamaliza kufagia. Mama Ryan amesema shule zikifunga mtoto aje akae nami.

Sijapona. Leo sijatafuna kitu, na kesho siwezi kukuahidi. Lakini kile chungu nimemwomba Mzee Musyoka akihamishie kule getini, mahali nisipofagia mimi.

Nisalimie baba mdogo anayetuchungia mbuzi, na shangazi wa kwaya, mwambie nimesikia kwamba bado anaimba kuliko wote. Mama mkwe mpe pole yangu, maana naye alimngoja yule mtoto.

Udongo usitume tena, mama. Nitumie Mwende. Na kabla hajaja, akikuuliza mdogo wake yuko wapi, usimwambie chochote. Nitamwambia mimi.

Ni mimi binti yako,
Mutheu