Watatu wa Nyumba Yetu

Kaka,

Sisi ni wazima kiasi. Ziwa limemeza gati alilojenga babu, sasa shule ndiyo iko ufukweni. Mwaka huu mimi ni karani wa sensa. Nilipofika kwetu nikamuuliza Mama kama mgeni: waliolala humu ni wangapi?

"Watatu. Mwandike na kakako, kitanda chake nimetandika."

Nikamwambia sensa haihesabu vitanda. Akanikata jicho, kisha kikohozi kikamshika, na kitambaa chenye damu akakificha mgongoni. Nikaandika watatu.

Mji mzima tuko elfu nne mia mbili na sita, na mmoja ni uongo wangu. Njoo uufanye kweli. Ukichelewa, nitakuwa nimekosea kwa watu wawili.

Mdogo wako, karani