Mdogo Wako Aliwekwa Uzazini

Kibosho,
Jumapili, 9 Juni 2024.

Mpendwa wifi Theodora,

Shikamoo. Mnaendeleaje huko Mtwara, wewe na watoto? Huku baridi imeanza, ila hatujambo. Grace wangu ana meno mawili na ananing'ata nikimnyonyesha.

Nakuandikia maana kwenye simu mdogo wako hunipokonya na kusema yeye ni mzima. Wifi, Sirili alikuwa anakojoa damu, na ubavu wa kushoto unamuuma. Tulidhani kichocho. Akameza dawa mara mbili, wapi.

Mwishowe hospitalini mjini wakampiga picha ya tumbo. Daktari akasema mshipa mkubwa unaotoa damu kwenye figo ya kushoto umebanwa katikati ya mishipa mingine miwili minene, kwa vile Sirili ni mwembamba mno, hana mafuta ndani ya kuitenganisha. Akampa miezi minne anenepe. Ikishindikana, apasuliwe. Nililia pale pale.

Mama hakulia. Alisema ukoo huu unajua njia moja tu ya kunenepesha mtu. Akamwingiza Sirili chumba cha uzazi hapa nyumbani, kitanda kile kile nilichotoka mimi wiki ile baada ya miezi mitatu ya kulishwa na kulala. Mtori wa ndizi na nyama asubuhi, mtori mchana, supu jioni, maziwa katikati. Jembe haruhusiwi kugusa. Mimi niliyezaa nachota maji, yeye anafunikwa blanketi.

Majirani nao wakaja na samli kama wanavyomjia mzazi. Mama Shedrack alileta na kanga, akauliza mtoto yuko wapi. Sirili akajibu bila kucheka: "Amelala. Anaitwa Figo."

Nilicheka, kisha nikaenda migombani kulia tena, maana zilibaki wiki mbili na damu ilikuwa bado inaonekana kidogo.

Juzi Alhamisi tumerudi kliniki. Kilo tisa zimeongezeka, wifi! Suruali haifungi, alikwenda na ya marehemu baba. Picha ikaonyesha mshipa umepata nafasi. Ikabaki kupima mkojo. Sirili akatoka chooni na kikopo chake, akaja nacho mpaka kwenye benchi nilipokaa, mbele za watu, akasema, "Mama Grace, tazama."

Mweupe. Sijawahi kuona kitu kizuri kama mkojo ule. Daktari naye akasema kisu hakuna, ila asikonde tena.

Msalimie shemeji Mathew na Lucky. Mama anawasalimu wote. Mungu awalinde, na damu zenu zipite vizuri kila mahali.

Ni mimi wifi yako nikupendaye,
Dominika