Mbuzi wa Bibi na waya wa intaneti

Sifael, nimetenda dhambi.

Ile kompyuta mpya ya Baba, ya mezani. Nilibandika selotepu kwenye meno ya shaba ya waya wa intaneti, nikachomeka tena. Utani tu!

Baba akazima, akawasha, intaneti wapi. Akaufuata waya kuelekea kwa Baba Mkubwa, maana ndiko intaneti inakotoka. Migombani, mpaka bandani. Akakuta mbuzi wa Bibi anaulamba.

"Mwizi wetu huyu. Achinjwe."

Achinjwe, Sifael! Kwa selotepu yangu!

Bibi akalia. Baba akanoa kisu. Mbuzi akanitazama mimi.

"Baba, ni mimi."

Bibi akafuta machozi: "Mfungueni mbuzi. Mfungeni huyu."

Nikacheka. Nilicheka peke yangu.