Sukari Nyuma ya Meno

Mama yangu mpendwa,

Chebet ametafuna karatasi yangu saa hii tu. Nilikuwa nimekata kipande chembamba cha kushika mbele ya mdomo, kile cha kuonyesha watoto vile p inapuliza na b haipulizi. Nilipogeuka kutafuta kalamu akakichukua, akakipuliza vizuri kabisa, halafu akakila. Nimekitoa na kidole, na ameniuma. Meno ya juu yametoka, ujue.

Habari ya nyumbani? Mguu wa Baba umepona? Mvua imefika huko Kapsowar ama bado mnaangalia mawingu? Sisi ni wazima. Huku Kiamunyi ni vumbi na nyumba mpya kila upande, kwa hivyo nguo za kufua hazijaniishia. Nakuandikia kwa sababu simu yako inakatika kila nikifika kwa jambo la maana, na hili nataka Baba akusomee mpaka mwisho.

Sijasahau vile tulikubaliana. Nisipopata kazi ya kukaa mahali pamoja kabla shule zifunguliwe, nitamleta Chebet kwako, mimi nirudi peke yangu. Mtoto hawezi kukua kando ya beseni za watu. Basi kazi yenyewe ni ya leo. Niko nje ya shule ndogo ya chekechea, kwa benchi. Wanatafuta mtu mmoja wa kusaidia mwalimu wa watoto wadogo, na mtoto wake anaruhusiwa kukaa naye hapa. Hawajauliza vyeti vikubwa. Unasimama mbele ya watoto, unafundisha sauti za herufi za Kiingereza, wao wanasikiliza vile unatamka.

Unajua vile sisi wa huko tunatamka. Kwangu b na p zilikuwa kitu kimoja, g na k vilevile. Sasa lile darasa la kina mama la Jumamosi kanisani, Mwalimu Rhoda hafundishi peke yake. Anaketisha Mkalenjin na Mkikuyu pamoja, kila mmoja amfunze mwenzake sauti ambayo yeye anayo. Mimi niliwekwa na Njeri, yule jirani anayeuza mboga.

Siku ya kwanza nilisoma gate. Njeri akasema, "Mama Chebet, hiyo kate ni ya kukata sukuma?"

"Wewe nyamaza na rori yako," nikamwambia. "Hata breki haina."

Tulicheka mpaka Mwalimu akagonga meza. Halafu Njeri akachukua mkono wangu akauweka kwa shingo yake. "Sema baba. Unasikia inatetemeka? Sasa shika yako." Nilishika shingo yangu wiki nzima nikifua, mpaka mama mmoja mwenye nguo akaniuliza kama koo inaniuma.

Njeri naye, ambaye lorry kwake ilikuwa rori, nilimwekea sukari kidogo nyuma ya meno ya juu. Nikamwambia, ukisema l, ulimi uende kuonja sukari. Ukisema r, ulimi uiogope, usiiguse. Hiyo hata Mwalimu Rhoda hakuwa nayo, niliipata nikimlisha Chebet uji.

Leo Njeri pia amekuja kwa hii kazi. Hakuniambia, na mimi sikumwambia. Tumekutana kwa geti. Akasema, "Kumbe." Nikasema, "Kumbe." Halafu akambeba Chebet mpaka hapa kwa benchi.

Ameitwa kwanza. Dirisha liko wazi, namsikia akiambia watoto ulimi uende kuonja sukari. Wanarudia wote. Mkuu wa shule amecheka, kile kicheko cha mtu aliyependa kitu. Lorry ya Njeri imetoka safi, Mama. Nimefurahi, halafu furaha ikaisha, halafu ikarudi kidogo. Sukari yangu iko hapa, imefungwa kwa leso. Siwezi kuingia nayo tena, nitaonekana nimemwiga.

Kwa hivyo nitawaambia watoto washike shingo, vile yeye alinifunza. Nimejaribu polepole, bed, bag, gate, na Chebet ameweka mkono wake juu ya wangu.

Wakimchukua Njeri, mtatuona Jumamosi, na utamfanyia Chebet nafasi kwa kitanda chako. Lakini usikitandike bado.

Msalimie Baba anayekusomea, asiruke mahali. Msalimie dada Jerop na yule mtoto wake ambaye sijamwona. Na kogo, mama ya Baba, mwambie blanketi yake ndiyo inamfunika Chebet mpaka leo.

Njeri ametoka. Ameketi, amempakata Chebet.

"Ilikuwaje?"

"Wakubwa wana macho makali, lakini watoto ni wazuri. Nimetumia sukari yako."

"Nimesikia."

"Ungeitwa kwanza ungeitumia."

"Ningeitumia."

Amemfunika Chebet miguu, halafu akaniambia nisimame karibu na dirisha, pale kwa meza kuna mwangwi. Hiyo haikuwa lazima aniambie. Sasa Mkuu yuko mlangoni, ameita jina langu lote. Njeri anasema, "Enda, mtoto niko naye, na hiyo b usiimeze," na mimi namwambia sitaimeza. Naacha kalamu hapa, Mama, naingia.