Kwetu Hakuna

Kwa mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Natumaini barua hii itakukuta mzima, magoti yametulia na ukungu wa macho haujazidi. Sisi huku ng'ambo tunapumua. Mwambie mdogo wangu anayekusomea asiwe na pupa. Namjua, huruka salamu akakimbilia mwisho.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu imetushinda. Nimepiga mara nne, na kila nikitaja kifafa unasema mtandao unakatika. Sijawahi kuona mtandao unaochagua maneno, mama.

Mjukuu wako Chiriku bado anaongea mpaka wauguzi wanaomba poo. Tumepanga chumba nyuma ya hospitali, kitanda kimoja na dirisha linalotazama ukuta. Mimi situlii. Akiangusha kijiko naruka, akinyamaza naruka zaidi. Nimeshona upya pindo la pazia la mwenye nyumba mara mbili, na halikuwa limefumuka.

Siku ya kwanza daktari, mwanamke mpole asiye na haraka, aliuliza kupitia kwa mkalimani kama katika ukoo wetu kuna mwenye kifafa. Nilijibu kabla swali halijaisha: kwetu hakuna. Ndivyo ulivyotufundisha kumjibu yeyote, awe mwalimu, awe mchumba. Daktari akaandika. Wakambandika Chiriku nyaya kichwa kizima, naye akauliza kama sasa atashika redio. Kisha wakaiongeza dawa ileile tuliyokuja nayo. Wiki tatu mtoto alizidi kuanguka, na mara moja alipasua mdomo kwenye ukingo wa sinki.

Jumatatu daktari aliniita nitazame video waliyomrekodi. Nilijiandaa kuona anavyoanguka, lakini alikuwa amekaa tu anasimulia. Ghafla akanyamaza, macho yakasimama, kope zikapepesa kidogo, halafu akaendelea na hadithi yake kama hakuna kilichotokea. Nikamwambia daktari kwamba huko si kuumwa, ni kuzubaa, hata mimi nilikuwa hivyo utotoni. Mkalimani akatafsiri. Daktari akaweka kalamu chini.

Alisema kuzubaa huko ndiko kifafa chenyewe, kwamba kipo kisichomwangusha mtu, na mara nyingine hufuata ukoo. Dawa ile ni ya kifafa cha aina nyingine, na kwa mtoto kama Chiriku huzidisha hata kule kuanguka. Angejua siku ya kwanza, asingeiongeza. Mama, nililia mbele ya daktari na mkalimani wake. Mwanangu ameanguka wiki tatu kwa sababu ya jibu langu.

Wamembadilishia dawa, na leo ni siku ya sita hajaanguka. Naogopa hata kuiandika.

Lakini hilo silo lililonifanya nikae na kalamu. Mimi nami nilibandikwa nyaya. Ninacho, mama. Siku ile sindano ya cherehani iliponipenya kidole mkacheka kwamba nawaza wachumba, sikuwa nawaza mtu. Na wewe uliyenishika mkono nikivuka barabara mpaka nikafika miaka kumi na sita, sidhani ulikuwa hujui. Sikulaumu. Ulitaka tusome, tuolewe, tuajiriwe, na yote tumeyapata. Ila kwenye jibu lile sasa kuna damu ya mtoto, nami sitalitoa tena mdomoni mwangu.

Wasalimie jirani zetu na wote wanaoniulizia. Chiriku anakubusu viganja vyote viwili.

Ni mimi bintiyo,
Fundi cherehani.

Na wewe mdogo wangu unayesoma kwa sauti, haya nimeyaweka mwisho kwa kuwa najua ndipo ulipoanzia. Vikombe vya chai ulivyokuwa ukiviachia utotoni, tukakuita Mzubaifu. Mwaka jana ulilipita geti la shule ukiendesha basi zima la wanafunzi, ukasema ulikuwa unawaza, tukacheka. Siwezi kusema una kifafa, mimi si daktari. Nakuomba ukapimwe. Mpaka upimwe, mpe mama funguo za basi, sasa hivi, kabla hujarudi kumsomea salamu. Mama, nyoosha mkono uzipokee.