Shosho Ameona Kitanda cha Kariuki

Jumamosi, Julai. Saa kumi na moja jioni.

Baridi ya Kitengela mwezi huu haina adabu. Mawingu yamekaa chini tangu asubuhi, upepo unaleta vumbi kutoka upande wa mbuga, nami nimeketi jikoni na koti juu ya sweta. Chai imepoa mbele yangu mara mbili. Sijala kitu.

Naandika leo leo, shajara, ili kesho nisianze kuyapamba. Najijua. Mimi ni mwalimu wa darasa la nne, kila siku nawakaripia watoto wa watu kwa kudanganya kuhusu kazi ya nyumbani, na miaka mitatu nimemdanganya bibi yangu bila kupepesa macho.

Ndugu yangu mdogo, Kariuki, ni askari katika jeshi la Uingereza. Anaendesha malori. Aliingia kwa zile nafasi za vijana wa nchi za Jumuiya ya Madola: akafaulu mbio, akafaulu macho, akafaulu meno, akala kiapo. Siku aliyonipigia simu kunipa habari hakufurahi hata dakika moja. Aliniuliza tu, "Sasa Shosho atasema nini?"

Shosho ni mama wa baba yetu, na ndiye aliyetulea. Anaishi nami hapa tangu miguu ilipoanza kumsumbua na shamba la Kimuka likamshinda. Ana miaka themanini na minane. Wakati wa Imajensi, ile hali ya hatari ya siku za Mau Mau, alikuwa msichana wa miaka kumi na saba, ameolewa miezi mitano tu, askari wa Mwingereza walipofika kijijini kwao kule Murang'a wakamchukua mume wake. Alikaa kizuizini miaka minne. Aliporudi alikuwa mtu mkimya, akafa akiwa mkimya, na huyo ndiye Kariuki wa kwanza, babu yetu.

Ndugu yangu amerithi jina lake, na kwetu jina la babu si kitambulisho tu. Shosho hajawahi kumwita kijana huyu kitu kingine isipokuwa "mzee wangu". Alipokuwa na miaka miwili, akimwaga uji, Shosho angesema mzee wangu amemwaga uji. Akipika kuku, firigisi ni ya mzee wake. Tunacheka, naye anacheka, lakini si mzaha mtupu. Anapomtazama yule kijana kuna mtu mwingine anayemwona.

Sasa umwambie mwanamke huyo kwamba mzee wake amevaa sare ya wale waliokuja kumchukua.

Sikuweza. Nilimwambia Kariuki amepata kazi Uingereza ya kutunza wazee.

Uongo wangu ungekaa kimya ningeusamehe, lakini ulitaka kulishwa. Shosho hasomi maandishi ya simu, kwa hiyo mimi ndiye msomaji wake. Kariuki ananiandikia kwamba wamelala porini kwenye mvua siku tatu, mimi namsomea Shosho kwamba kuna mvua na wazee wana mafua. Akataka kujua wazee hao ni akina nani. Nikamtungia mmoja, nikampa jina Doris, nikampa magoti mabovu na tabia ya kukataa chakula. Mungu wangu, jinsi Shosho alivyompenda Doris! Alimtumia ushauri wa kukanda magoti kwa mafuta ya moto. Alimpeleka Doris kwenye maombi ya akina mama kanisani. Mwaka jana alimsukia kiondo, wiki nane, na vidole vile vyake, nasi tukakituma. Kariuki anakitumia kuwekea soksi kambini.

Alikuja likizo ya siku kumi kwa sababu moja. Kikosi chake kinakwenda zamu ya miezi sita mahali ambapo hakuruhusiwa kunitajia. Ameniambia tu kwamba kuna baridi na kwamba kabla ya kuondoka wote wanaandika wosia. Ana miaka ishirini na sita na ameandika wosia. Alitaka baraka za Shosho.

Kwetu mkubwa wa nyumba humbariki msafiri kwa kumtemea mate kidogo viganjani na kifuani, na wakati huo huo anaitaja safari: unakwenda wapi, kufanya nini, urudi vipi. Safari isipotajwa, hakuna kilichobarikiwa. Hilo lilikuwa linamnyima Kariuki usingizi. Jana nilimwambia amwache Shosho ataje safari ya kuwatunza wazee, yeye anyamaze na kupokea, Mungu anaelewa. Aliendelea kung'arisha kiatu ambacho tayari kilikuwa kinang'aa.

Gari la kumpeleka uwanja wa ndege lilikuwa lije saa sita mchana leo.

Saa mbili asubuhi nilikuwa langoni. Mama Naserian, anayetuletea maziwa kutoka bomani kwao, alinisalimia kwa Kimaasai, "takwenya", nami nikamjibu "iko" kama kawaida, akauliza mgeni wetu anaondoka lini, nikasema leo. Kariuki alikuwa bafuni. Niliporudi ndani na maziwa nilimkuta Shosho amesimama kwenye mlango wa kile chumba kidogo alichokuwa analala Kariuki, bakora mkono mmoja, kikombe cha chai mkono wa pili. Alikuwa amejikokota mwenyewe kumpelekea mzee wake chai ya mwisho.

Alikuwa anatazama kitanda.

Godoro lilikuwa tupu. Kichwani mwa kitanda shuka na mablanketi yalikuwa yamekunjwa mraba, kingo zimelingana sawasawa, na blanketi moja limezungushiwa yote kwa nje mpaka kifurushi kizima kikawa kama sanduku. Chini kulikuwa na viatu, jozi moja, pua zake zikielekea mlangoni. Siku tisa alikuwa ametandika kitanda kama mtu yeyote. Leo, kwa wasiwasi, mikono yake ilifanya yale iliyofundishwa. Aliniambia baadaye hata hakumbuki kukikunja.

Nilicheka kidogo. Nikasema huyu kijana ni msafi kuliko sisi sote.

"Nani amemfundisha kukunja hivi?" Shosho aliuliza, bila kugeuka.

Nikasema huko kwa wazee wanapenda vitu vikae vizuri. Nilisema hivyo, shajara, mdomo wangu haukusita hata kidogo.

"Nimekunja hivi mwaka mzima," akasema. "Kambi ya Majoni ilikuwa hapo juu ya kijiji. Sisi wasichana tulikuwa tunafua mablanketi yao, halafu tunakunja, kitanda baada ya kitanda. Kona ikikosea unarudia. Na mzee wangu, babu yenu, wako naye huko kizuizini, sijui kama anakula."

Majoni ndivyo watu wa rika lake walivyowaita askari wa Kizungu. Maisha yangu yote nilikuwa sijasikia habari ya mablanketi. Huwa anatuambia habari za njaa, za mtaro waliochimba, za nyumba zilizochomwa. Hii alikuwa ameifungia.

Kariuki akatoka bafuni, taulo shingoni. Alituona, akaona tunachotazama, akasimama wima. Namaanisha wima kabisa, mikono ubavuni. Kama kulikuwa na shaka yoyote, iliisha hapo.

Shosho alimuuliza unafanya kazi gani. Kariuki alinitazama mimi kwanza, na ule mtazamo sitausahau, kwa sababu haukuwa wa lawama. Alikuwa anaomba ruhusa. Kisha akamwambia yote kwa Kikuyu chake kilichoanza kuota kutu: jeshi, malori, kiapo, safari ya miezi sita. Akasema hakuna mtu aliyemlazimisha. Alisema hapa alikuwa ametafuta kazi mpaka akachoka na kule walimchukua, na kwamba wenzake ni watu wazuri.

Shosho alisikiliza mpaka mwisho. Chai ilikuwa bado mkononi. Akanigeukia mimi.

"Na Doris?"

"Doris hayuko, Shosho."

"Amekufa?"

"Hakuwahi kuwa."

"Basi nilikuwa namwombea nani?"

Aliweka kikombe juu ya kabati, akaenda chumbani kwake pole pole, bakora ikigonga sakafu, akafunga mlango. Hafungi mlango huo kamwe. Tulikubaliana hivyo kwa sababu ya presha yake.

Saa mbili na nusu ikafika, saa tatu, saa nne. Kariuki alikaa kwenye kochi na begi miguuni. Niligonga, nikaambiwa nimwache. Niligonga tena na dawa zake, akazichukua kwenye ufa wa mlango bila kunitazama. Nilimwambia Kariuki aende akapige magoti mlangoni, akasema hapana, hatamshurutisha mtu mzima. Nikamkasirikia. Nikamwambia kama angetandika kitanda kama binadamu wa kawaida tusingekuwa hapa. Alinitazama, akasema polepole, "Si kitanda, Nyambura. Ni wewe na mimi." Nikaenda jikoni nikaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Nilichokuwa naogopa nakitaja hapa, kwa sababu pale sikukitaja. Niliogopa kwamba ataondoka bila baraka, lolote limpate huko asikoruhusiwa kutaja, na Shosho aishi siku zilizobaki akijua kwamba mlango wake ulikuwa umefungwa. Na kwamba mimi ndiye niliyeufunga.

Saa sita kasoro dakika tano gari likapiga honi. Dereva akasema barabara ya Mlolongo imejaa magari, tusikawie. Kariuki alisimama, akavaa begi, akaenda mpaka kwenye ule mlango. Akauwekea kiganja, hakugonga. Kisha akageuka.

Mlango ukafunguka.

Shosho alikuwa amevaa nguo ya kanisani na kitambaa cheupe kichwani. Macho yalikuwa mekundu. Alimwambia aweke begi chini na aje karibu. Kariuki akapiga magoti, akatoa viganja. Shosho akatemea mate cha kulia, akatemea cha kushoto, akamfungua kifungo cha shati akamtemea kifuani. Halafu akaitaja safari, kwa sauti iliyosikika hadi kwa dereva.

"Unaenda na jeshi la Mwingereza, mahali sijui. Unaenda kuendesha lori. Usichukue mume wa mtu. Usisimame mlango ya mtu na bunduki ukimwangalia bibi yake. Urudi na mikono miwili na miguu miwili, urudi na kichwa yako." Akamwekea mkono kichwani. "Nenda, Dennis."

Dennis ni jina lake la ubatizo. Liko kwenye pasipoti. Miaka ishirini na sita sijawahi kulisikia kinywani mwa Shosho.

Kariuki alielewa: jina la babu halingekwenda na jeshi lile. Alibaki magotini kama mtu aliyesahau namna ya kuinuka, mpaka Shosho mwenyewe akamshika kiwiko. Akamfunga kifungo cha shati. Akampangusa mashavu kwa ncha ya kitambaa, kwa sababu alikuwa analia na hakutaka kujipangusa kwa viganja vyenye baraka. Akaenda kwenye gari mikono imefunguka mbele yake, begi nikambebea mimi.

Tulipobaki wawili nilidhani atanifokea. Ningefurahi anifokee. Aliniagiza nikakunjue yale mablanketi niyaanike kwenye kamba, upepo uyapige. Nikaenda nikakunjua. Kazi ile ni ngumu kuliko inavyoonekana, lile blanketi la nje limekazwa kwelikweli. Niliporudi alikuwa ameketi, ameanza kumenya viazi vya jioni.

Nilimwomba msamaha. Alimenya kiazi kizima kabla ya kujibu.

"Ulifikiri nitavunjika," akasema. "Mimi niliwafulia blanketi na sikuvunjika." Akachukua kiazi kingine. "Kutoka leo akiandika, unisomee vile ameandika. Hata kama ni mbaya. Na mimi ndiye nitajua nitamwita nani."

Nikasema ndiyo, Shosho.

Kumbe msamaha wa mtu kama huyu huja na masharti, nami nimeyakubali bila kufikiri, kama mtu anayetaka tu mazungumzo yaishe. Sasa ndiyo nafikiri. Simu imelia nikiwa hapa jikoni. Ni Kariuki, kutoka uwanja wa ndege. Ujumbe wenyewe ni huu, neno kwa neno:

"Tunaingia ndege. Sijawahi kuogopa hivi. Usimwambie Shosho."

Shosho yuko chumba cha pili. Namsikia. Ameshauliza, bila kupaza sauti, ni nani aliyeandika.

Nimesoma ujumbe huu mara sita na kila mara akili yangu imekwisha kumtungia mwingine: amefika salama, anawasalimia, kuna joto. Maneno yanakuja yenyewe, mepesi, tayari kusomwa. Ndivyo nilivyo. Najiuliza ni nani nilikuwa namlinda miaka hii yote, yeye au mimi.

Naweka kalamu. Naenda kumsomea, pamoja na hilo la mwisho.